Mizunguko Miwili ya Mwiki

Vali ya inchi sita hufungwa kwa mizunguko ishirini. Si kumi na tisa, si ishirini na mmoja. Nimezifunga vali hizo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaosoma hapa, na kila mzunguko niliuhesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa kuhamisha punje za mahindi kutoka mfuko wa kushoto wa ovaroli kwenda wa kulia. Ndiyo maana Ruiru yote waliniita Mara Mbili. Mke wangu peke yake ndiye aliyeniita Baba Ciku, na baadaye madam mmoja nitakayewaeleza habari zake, na mwenye hoteli mmoja nitakayemtaja mwisho kwa sababu alinishinda.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya maji, mnaoletewa ratiba ya mgao iliyopigwa na mashine na kuambiwa, fuateni. Fuateni, mimi sina ubishi. Lakini kabla ya kuuliza mashine imesema nini, ulizeni imelishwa nini. Mimi niliilisha uongo. Ulikuwa uongo mdogo, wa mizunguko miwili, na nusura ung'oe bomba la watu wa Kiuu ya juu.

Miaka hiyo ya tisini mradi wetu ulikuwa na tangi moja kilimani, pampu moja yenye hasira za mkwe, na mabomba makubwa matatu: la Mwiki, la Githurai 45 na la Kiuu. Nyumba za kupangisha zilikuwa zinaota haraka kuliko mahindi. Leo jirani yako ni shamba la kahawa, mwezi ujao ni ploti ya vyumba kumi na viwili na kila mlango umewekewa ndoo. Maji hayangetosha wote kwa mpigo, kwa hivyo tuliyagawa kwa zamu: fungua hili, funga lile. Mimi nilishika vali ya Mwiki na ya Kiuu. Mwenzangu Musa, mtu wa Githurai, mswalihina na mtani wa kutupwa, alishika ya kwao. Nani apate maji lini? Jibu letu la kitaalamu lilikuwa: anayepiga kelele kuliko wenzake.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Gathogo, aliyeshika ule ufunguo wa vali, chuma kirefu chenye mkono wa T, kabla yangu. Alinifundisha kuegemeza sikio kwenye chuma hicho kama daktari: maji yanayopita hunguruma, maji yaliyofungwa hunyamaza, na hewa hulia mluzi kama kijana asiye na kazi. Alinifundisha nisifunge kwa haraka, kwa sababu maji yakizuiwa ghafla hurudi nyuma na kugonga bomba mpaka linapasuka. "Maji ni kama bibi," aliniambia. "Usimkatize katikati ya maneno." Na siku yake ya mwisho kazini akaniita kando.

"Wewe unakula wapi saa saba?"

"Mwiki, kwa Mama Shiro. Chai na maharagwe."

"Basi bomba la Mwiki usilifunge mpaka mwisho. Acha mizunguko miwili. Huwezi kumnyima maji mtu anayekupikia."

Nikaacha miwili. Kwa hivyo hata siku ambazo zamu haikuwa yao, kwa Mama Shiro bomba lilitoa kauzi kembamba ka maji, na kikombe changu cha chai kilijaa mpaka ukingoni. Sikuona dhambi. Miwili kati ya ishirini ni nini?

Halafu Madam Nyokabi akaja kutoka ofisi kuu ya Thika. Alikuwa msichana mdogo, ametoka chuo kikuu na hesabu zake, amevaa viatu vyeupe vilivyobaki vyeupe kwa muda wa robo saa, kwa sababu ilikuwa mvua na udongo wa Mwiki haujui shahada. Alisema anatafuta ratiba iliyo bora kuliko zote zinazowezekana.

"Madam," Musa akamwambia, "na moja tu inayowezekana si ingetutosha?"

Akatuchorea mistari kwenye karatasi, ikikatana kama uzio ulioanguka. Sikuielewa. Lakini aliposema, "Mko na saa chache za pampu, mko na watu watatu wanazitaka, na kila mmoja ako na kiasi ambacho hawezi kuishi bila hicho," nikajua huyu anazungumza habari za kikapu. Ukienda soko la Githurai 45 na kikapu kimoja, kabichi inakula nafasi, nyanya hazitaki kulaliwa, na bila kitunguu usirudi nyumbani. Huulizi kitu gani ni kizuri. Unauliza mchanganyiko gani utaingia. Na ukiwa mtu wa sokoni kweli, unajiuliza swali moja zaidi: kikapu hiki kingeongezeka upana wa kiganja kimoja, ningetia nini? Hicho utakachotia ndicho kinachokuuma. Nikamweleza hivyo.

Akaacha kuandika. "Baba Ciku, hiyo swali walinifundisha muhula mzima."

"Ni vile hawakukutuma sokoni."

Tangu hapo tukapatana. Nawaomba mshike hilo la kiganja kimoja, maana litawafaa hata nje ya maji.

Ratiba yake ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama na ilituaibisha siku mbili. Ilibadilisha zamu kila baada ya saa mbili ili kila mtu apate kidogo kidogo. Kwenye karatasi, maji yakifunguliwa saa mbili yanafika saa mbili. Lakini bomba lililokaa siku nzima bila maji limejaa hewa, na hewa lazima itoke kwanza, na mlima wa Kiuu haupandwi kwa dakika kumi. Kiuu ya juu walipata mluzi wa saa mbili kamili, halafu tukawafungia kwa sababu zamu yao imekwisha.

Madam hakununa. Akauliza bomba linahitaji muda gani wa chini kabisa ndipo zamu iwe na maana. Hapo nikaona biashara. Nilijua saa tano zinatosha, kwa hivyo nikaanza na nane. Akasema tatu. Nikashuka saba, nikakohoa kidogo. Akapanda nne. Tulipofika tano nikampa mkono, nikaondoka nikiwa nimeridhika na ujanja wangu. Baadaye niliiona karatasi yake. Alikuwa ameandika tano kabla hatujaanza.

Kumbe shida kubwa ilikuwa bado. Kila Jumatatu madam alipeleka hesabu zetu Thika, kwenye kompyuta ya ofisi, na kila Jumanne alirudi na karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Mashine iliambiwa: wape Mwiki kiasi chao, wape Githurai chao, wape Kiuu chao, tangi lisiishe. Ikajibu kwamba hakuna jibu. Si kwamba jibu ni baya. Hakuna. Maji yanayopandishwa na pampu ni mengi kuliko yanayoonekana yakitumika, na tofauti yake haijulikani iko wapi.

"Bomba linavuja mahali," madam akasema. "Tena sana."

Tukachimba. Nyinyi mna vifaa vya kusikiliza ardhi. Sisi tulikuwa na majembe na Musa akiimba. Tulichimba mashimo tisa kando ya barabara. Niliyahesabu tena: tisa. Kwenye la pili tulipata kijiko. Kwenye la nne mama mmoja alikuja akatuomba tulipanue kidogo, maana alikuwa anataka kuweka choo. Kila shimo lilikuwa na washauri wake, watu wasio na kazi waliosimama juu kutuambia tulipaswa kuchimba mahali pengine. Bomba lilikuwa kavu na zima kotekote.

Sasa niwaambie ukweli. Nilipokuwa ndani ya shimo la sita, jasho machoni, nilikumbuka mizunguko yangu miwili. Nikajiambia, hapana, hiyo ni tone. Nikachimba la saba. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili anaweza kukataa kuhesabu kitu kimoja hata mara moja.

Wiki hiyo meneja alitushukia kutoka Thika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yalikuwa mabaya.

"Hiyo mashine yenu inasema watu ni wengi kuliko maji. Basi tutoe wengine. Kiuu ya juu ndio wanakula saa nyingi za pampu kwa sababu ya mlima. Mkiniletea ratiba Ijumaa, sawa. Msiponiletea, Jumatatu bomba lao linazibwa, wanunue ya mkokoteni."

Kiuu ya juu palikuwa na kioski kimoja cha maji, na mwenye kukishika alikuwa Mama Hamisa. Alikuwa mjane, mtu wa ushungi mweupe na ulimi mkali, na kioski hicho ndicho kilichomlisha yeye na kuosha nguo za ploti arobaini. Niliona ni heshima nimpashe habari mimi mwenyewe. Nilimkuta amepanga mitungi mitupu kwenye foleni, kila mmoja na kitambaa chake cha rangi ili mtu asidai usio wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maji yanapotelea wapi, baba?"

"Hatujui, mama. Tumechimba mashimo tisa."

"Mashimo nimesikia. Nakuuliza wewe. Watu wanasema hakuna tone linapita Ruiru bila Mara Mbili kulihesabu. Sasa yote hii imekupita?"

Hakupandisha sauti. Akageuka, akanyoosha mtungi mmoja uliokuwa umeinama kwenye foleni, kana kwamba maji yangefika wakati wowote. Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, na wengine walikuwa na kipaji, lakini hakuna aliyenipata kama mama yule na mtungi wake.

Nikateremka moja kwa moja hadi kwa madam. Alikuwa kwenye kibanda cha pampu, ameinamia karatasi zake.

"Madam, nikikuonyesha maji yalipo, utayaandika kwa jina la nani?"

Akaweka kalamu chini. "Hesabu yangu haina mahali pa majina. Ina mahali pa namba."

"Na meneja?"

"Meneja anataka ratiba. Hajaniomba hadithi."

"Basi andika mbili, Mwiki."

"Mbili nini?"

Nikamweleza. Nilitarajia akasirike, maana alikuwa amechimba na sisi shimo la tano kwa mikono yake. Badala yake akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuandika haraka, kisha akatikisa kichwa. "Mbili haitoshi kueleza yote. Kuna zingine."

Nikaenda Githurai kumtafuta Musa. Nilimkuta kwenye hoteli ya nyama anapokula kila siku, mbele yake sahani ambayo hata meneja hangeimaliza. Nikaitazama sahani, nikamtazama yeye. Zamu ya Githurai ilikuwa imepita siku mbili, na kule nyuma jikoni nikasikia bomba likitiririka.

"Musa, wewe unaacha mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Mimi naacha miwili."

Akatafuna polepole. "Mitatu," akasema. "Lakini hapa wananipa na supu."

"Gathogo ndiye alikwambia?"

"Gathogo alinishika mkono akaniapisha. Kumbe na wewe? Huyo mzee alikuwa anagawa siri moja kwa kila mtu." Halafu uso ukambadilika. "Ngoja kwanza. Umeenda kuniuza kwa madam?"

"Sijakuuza. Sikupata mnunuzi."

Alikataa mara mbili kuja kumweleza madam, nikambembeleza mara tatu. Hoja iliyomshinda haikuwa ya maji. Nilimwambia, ikiwa bomba la Kiuu litazibwa, ni yeye na mimi tutakaotumwa kulichimbua na kuliziba, mchana, mbele ya Mama Hamisa. Akasukuma sahani.

Jumatano asubuhi tulifanya jaribio ambalo nawashauri mlifanye popote mtakapofika, kabla hamjachimba hata shimo moja. Pampu ikiwa imelala, tulifunga vali zote kwa desturi yetu ya kila siku. Madam akasoma kijiti cha kupimia kilichosimama ndani ya tangi. Baada ya saa moja akasoma tena: maji yalikuwa yameshuka upana wa kiganja. Halafu tukafunga kwa haki, ishirini na ishirini, punje zote za mahindi zikahamia kulia. Saa moja nyingine ikapita. Kijiti hakikusogea hata ukucha.

"Lakini ni miwili na mitatu tu," Musa akasema. Alikuwa ameumia kweli.

Madam akatuchorea vali kwa ndani. Bamba lake likiinuka kidogo tu, maji yenye presha hujipenyeza pale chini kwa fujo. Mizunguko ya kwanza hupitisha mengi kuliko unavyodhani, na ya mwisho karibu haiongezi kitu. Kwa hivyo miwili kati ya ishirini si sehemu ya kumi ya maji, ni zaidi. Isitoshe, zamu ina mwisho, lakini heshima yetu ilikuwa inatiririka siku zote saba. Kiganja kile kimoja cha kikapu nilichokuwa nikimsimulia madam, nilikuwa nimekikalia mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alienda Thika na namba mpya. Sikuweza kukaa nyumbani. Nilipanda naye, nikasimama nyuma ya kompyuta kama mtu anayesubiri mke ajifungue. Printa ikaguguna, ikanyamaza, ikaguguna tena. Karatasi ikatoka. Madam akaisoma, akanipa. Palikuwa na safu tatu. Mwiki, saa zake. Githurai, saa zake. Kiuu, pamoja na juu: Ijumaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa tano kamili, zile tulizopigania bei.

Nikazihesabu. Nikazihesabu tena.

Ijumaa meneja alikuja kuona kwa macho yake, akasimama Kiuu ya juu na saa yake mkononi. Foleni ya mitungi ilikuwa imefika kona. Nilifungua vali kule chini, mizunguko ishirini polepole, kisha nikapanda mlima kwa miguu. Nilipofika, bomba la Mama Hamisa lilikuwa linapiga mluzi.

"Mara Mbili," mwanamke mmoja akaniambia, "hewa tunayo ya kutosha. Hatukuagiza."

"Hiyo ni ya bure, mama. Mzigo uko nyuma."

Nusu saa ikapita. Meneja akatazama saa. Musa akaanza kuhesabu shanga za tasbihi, akasema si dua, ni mazoezi ya vidole. Madam alikuwa amesimama kando na viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vyekundu na hakuna aliyekumbuka rangi yao ya kwanza. Niliegemeza sikio kwenye bomba. Mluzi ulikuwa umepungua nguvu, na nyuma yake, mbali, kulikuwa na ngurumo.

"Weka mtungi," nikamwambia Mama Hamisa.

Akaweka. Bomba likakohoa, likatema kutu, halafu yakaja, mekundu kwanza, kisha meupe. Hakuna aliyepiga kelele. Foleni ilisogea tu, mtungi mmoja mbele, jinsi foleni inavyosogea ikijua itafika. Meneja akafunga daftari lake, akasema, "Haya," akaondoka. Lile "haya" ndilo lililoacha bomba la Kiuu mahali pake, na hajawahi kujua aliliachia nani.

Mama Hamisa alijaza mitungi mpaka saa tisa. Aliponiona naondoka akasema, "Baba, ulikuwa umeyaweka wapi?"

"Mahali ninapokula, mama."

Akanitazama, akaelewa kila kitu, akarudi kwenye mitungi yake.

Kesho yake saa saba nilienda Mwiki kwa Mama Shiro kama kawaida. Haikuwa zamu ya Mwiki. Jikoni hapakuwa na kauzi. Palikuwa na pipa lililofunikwa, kama kwa kila mtu. Nilimweleza yote, maana mtu anayekupikia asisikie habari zako kwa wengine. Alifuta meza. Akaniletea chai.

Kikombe kilikuwa kimepungua vidole viwili kutoka ukingoni. Nilipima kwa vidole. Nikapima tena.

"Mama Shiro, hii haijajaa."

"Nimefunga vizuri, Baba Ciku," akasema, tayari ameshanipa mgongo. "Ama nihesabu mara ya pili?"

Nimekunywa chai kwake miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, na kila siku ilikuwa hivyo hivyo. Nilijaribu kupatana naye arudishe hata kidole kimoja. Mimi niliyemshusha kila mtu bei Githurai sikufaulu. Siku niliyostaafu alinichinjia kuku, akaniombea, akanipa zawadi ya kofia, nikajua leo ni leo. Chai ikaja. Viwili.

Nikaimaliza yote, na ilikuwa tamu. Vile vidole viwili sikuwa na haja ya kuuliza viko wapi. Saa ile vilikuwa Kiuu ya juu, ndani ya mtungi wenye kitambaa cha rangi.